Stesheni bila stesheni masta: treni inajuaje pa kusimama?

Leo tuweke pembeni siasa na bei ya dhahabu, tuongelee treni. Najua wengi wenu hapa ni watu wa basi. Ukitaka Mwanza unapanda basi, Dar basi, Kahama basi au noah ya kubanana. Lakini reli ipo, inapita katikati ya mji wetu wa Shinyanga, na ukitoka nje kidogo ya mji unakutana na vile vistesheni ambavyo havina mtu. Kuna nyumba ya zamani, kuna mwembe, kuna ubao wa jina uliofutika, basi. Hakuna dirisha la tiketi wala mtu wa kumuuliza.

Na bado treni inasimama. Inakuwaje?

Swali hili lilinipata mwaka 2018, ndo nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani sina kazi, nikaambiwa nimsindikize bibi kupanda treni. Anakwenda Tabora kwa mdogo wake. Kituo chenyewe kipo kati ya Malampaka na Shinyanga, wanaokijua watakijua. Tumefika jioni, bibi kakaa juu ya mzigo wake, mimi natafuta ofisi niulize. Ofisi imefungwa na kufuli lenye kutu, buibui kajenga juu yake. Nikamuuliza mama mmoja mwenye beseni la matobolwa treni inafika saa ngapi. Hakunijibu, akatoa simu. Akampigia mwenzake anayeuza Malampaka, wakaongea Kisukuma kama nusu dakika, akakata, akaniambia bado haijaingia Malampaka, tulale kidogo.

Huyo mama ndo alikuwa stesheni masta wa siku ile. Sasa nielezee stesheni masta wa kweli alikuwa anafanya nini, maana watu wengi, mimi nikiwemo, tulidhani kazi yake ni kuuza tiketi na kupiga filimbi.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Reli ya Kati walianza Wajerumani pale Dar mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914 vita kuu ya kwanza ikiwa mlangoni. Tawi la kuja huku kwetu halikujengwa na Mjerumani, lilijengwa na Mwingereza baada ya vita, kutoka Tabora kupitia Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba mpaka Mwanza, ikafika ziwani 1928. Ni kama kilomita 379 kutoka Tabora. Pamba ya Usukuma ilikuwa sababu kubwa. Ndo maana ukiangalia ramani utaona reli na vinu vya kuchambulia pamba vinafuatana kama ng'ombe na mchungaji.

Sasa kwa nini stesheni nyingi hivyo, zingine porini kabisa ambako hata leo nyumba ni za kuhesabu? Wengi tunadhani ni kwa ajili ya abiria. Abiria walikuwa sababu mojawapo tu. Sababu ya kwanza ilikuwa maji, maana vichwa vya treni vya zamani vilikuwa vya mvuke na vilikuwa vinakunywa maji kuliko kundi la ng'ombe. Sababu ya pili, ambayo ndo kubwa mpaka leo, ni kupishana.

Hapa naomba mnisikilize taratibu. Reli yetu ni njia moja. Treni inayotoka Tabora na inayotoka Mwanza zinatumia chuma kilekile. Barabarani gari mbili zikikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anashuka kwenye majani. Treni haishuki kwenye majani. Na breki za treni ya mizigo zinahitaji umbali mrefu sana, dereva akishaona taa ya mwenzake mbele ameshachelewa. Kwa hiyo dawa ni moja tu: kati ya stesheni na stesheni iwepo treni moja tu kwa wakati mmoja. Kipande hicho cha kati kiwe kama chumba chenye ufunguo mmoja.

Na ufunguo ulikuwepo kweli. Kwenye reli za njia moja za mtindo wa Waingereza dereva alikuwa anapewa tokeni, kipande cha chuma kinachotolewa kwenye mashine ya stesheni. Mashine ya stesheni hii na ya stesheni inayofuata zimeunganishwa kwa waya, ukishatoa tokeni moja huku, nyingine haitoki kule mpaka hii irudishwe. Huna tokeni, huondoki, hata ukiwa na haraka ya harusi. Mfumo huo unataka waya ziwe nzima, na waya wa shaba ukipita porini... mnajua wenyewe wanunuzi wa vyuma chakavu wanavyoupenda. Mashine zikinyamaza, stesheni masta wa pande mbili wanaongea kwa redio au simu, wanakubaliana, kisha dereva anaandikiwa kibali cha karatasi. Ni jambo lilelile, ila hapo usalama wote umekaa kwenye masikio na kalamu za watu wawili.

Kwa hiyo stesheni masta kazi yake kubwa ni kuwa mshika ufunguo. Anajua treni gani ipo kwenye kipande gani, anaipokea, anaangalia kama behewa la mwisho limefika (maana likikatika likabaki njiani, kipande bado hakiko wazi), anaielekeza reli ya pembeni ikibidi, anaruhusu nyingine ipite. Tiketi ni kazi ya ziada.

Sasa mtoe huyo mtu. Nini kinatokea?

Treni haziwezi tena kupishana pale. Reli ya pembeni inaota majani, zile pointi za kubadilishia njia zinafungwa, na vipande viwili vinakuwa kipande kimoja kirefu. Tufanye hesabu ndogo, usiogope, ni ya kidato cha pili. Chukua stesheni tatu, kila moja kilomita 15 kutoka mwenzake. Treni inakwenda kilomita 45 kwa saa. Kipande kimoja inakimaliza kwa dakika 20, kwa hiyo kwa masaa 12, ukiacha muda wa kuandikiana vibali, zinaweza kupita treni 36, huku na huku. Funga stesheni ya katikati. Kipande sasa ni kilomita 30, dakika 40, treni 18. Funga nyingine tena, kilomita 45, saa zima, treni 12. Hujang'oa hata taruma moja, lakini uwezo wa reli umeukata mara tatu.

Kama treni zenyewe ni chache, hilo halionekani. Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli hii ilikuwa inabeba mizigo zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Ikaja 2007 ikawekwa mikononi mwa TRL, kampuni ambayo wabia wa Kihindi, RITES, walikuwa na hisa asilimia 51 na serikali 49, huku njia na majengo vikibaki chini ya RAHCO. Ikaja mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyobeba tuta kati ya Kilosa na Gulwe. Mwaka 2011 serikali ikachukua tena kampuni. Ilipofika 2012 mizigo ilikuwa imeshuka chini ya tani laki tatu. Treni zikiwa chache hivyo, kuweka mtu masaa 24 kwenye kituo cha porini ili apishanishe treni ambazo hazipo, hata mimi ningeuliza analipwa kwa kazi gani. Hapo siwalaumu. Tatizo ni kwamba kuifunga ni kufuli moja, kuifungua ni kazi nyingine kabisa.

Wadau wapenda mitandao hapa mtakuwa mmeiona ile habari ya Japani iliyosambaa Januari 2016. Kwamba kuna kistesheni huko Hokkaido, kaskazini kwenye theluji, kinaitwa Kyu-Shirataki, kampuni ya reli imekiacha wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa kike mpaka amalize shule. Watu walilia mpaka simu zikalowa. Kituo kilikuwepo kweli, mwanafunzi alikuwepo kweli, na kilifungwa kweli Machi 2016 pamoja na jirani zake Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki. Ila picha nyingi zilichanganya vituo, na ile ya "kwa ajili yake tu" imeongezwa chumvi. Ratiba za reli kule hubadilishwa kila Machi, na mwaka wa shule wa Japani nao unaisha Machi. Abiria walikuwa wamekwisha, ndo maana vikafungwa.

Kwangu mimi cha ajabu zaidi hakikuwa binti. Ni kwamba Kyu-Shirataki haikuwa na mfanyakazi hata mmoja, na hilo kule ni jambo la kawaida tu. Japani ina stesheni zaidi ya 9,000 na karibu nusu yake hazina mtu. Karibu nusu! Nchi ya treni za kwenda kama risasi. Na huko vijijini reli zao wala si pana sana kuliko yetu, wao milimita 1,067, sisi 1,000, tofauti ya vidole vinne hivi.

Wanaishije? Kwenye treni ndogo ya kijijini dereva yupo peke yake. Unapanda mlango wa nyuma, mashine inakutolea kikaratasi chenye namba ya kituo ulichopandia. Mbele juu ya dereva kuna ubao wa taa unaoonyesha kila namba nauli yake imefika kiasi gani. Ukishuka unapita kwa dereva, unatumbukiza kikaratasi na hela kwenye boksi. Na kule kupishana? Pointi na taa zinaendeshwa kwa umeme kutoka ofisi moja iliyo mbali, mtu mmoja anaangalia njia nzima kwenye ubao. Hapo ndo penye tofauti yote. Wao walimtoa mtu baada ya kuweka mashine ya kufanya kazi yake. Ufunguo upo, umehamia ofisi nyingine. Sisi tulimtoa mtu na kazi ikaondoka naye.

Turudi kwa bibi. Saa nne usiku yule mama simu yake ikalia, akanyanyuka, akaanza kupanga matobolwa na michembe kwenye vifuko. Ndo tukajua inakuja. Taa hakuna, watu wakawasha tochi za simu. Jambo ambalo hukuti limeandikwa popote: lazima ujue behewa la daraja la tatu litasimama wapi, maana treni ni ndefu na jukwaa ni fupi, na ukikosea unakimbia juu ya kokoto gizani na mzigo kichwani. Mama wa matobolwa alijua. Alimshika bibi mkono, akamsogeza hatua kama sitini upande wa Shinyanga, akamwambia simama hapa. Mlango ukaja kusimama karibu mbele yake. Ngazi ya chini ya behewa ilikuwa kiunoni kwa bibi. Tukamsukuma watatu, akaingia, akapaza sauti "wabeja!" na treni ikaondoka. Tiketi alikatiwa humohumo ndani na mkaguzi. Mimi nikabaki na yule mama anahesabu hela.

Aliuza vifuko vinne tu. Nikamwambia si haba. Akanifundisha kitu ambacho hesabu yangu ya treni 36 haikunifundisha. Zamani, akasema, treni zilikuwa zinapishana hapa. Ya abiria inaingia, inasubiri ya mizigo ipite, na kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa robo saa, nusu saa, wakati mwingine zaidi. Abiria wanashuka, wananyoosha miguu, wananunua kuku, karanga, maembe, vinu, vigoda, na watoto wanauza maji. Kituo kizima kinaishi kwa ile nusu saa. Reli ya pembeni ilipofungwa treni ikawa inasimama dakika mbili. Kwa dakika mbili unauza kwa aliye dirishani tu, na chenji akikosa, biashara imekufa.

Abiria wa Dar aliyeko ndani analalamika kupishana kunamchelewesha, kumbe ucheleweshaji huohuo ndo ada ya shule ya mtoto wa mtu huku nje. Sijui nikae upande gani kwenye hilo. Nimekuwa abiria pia.

Kuna suala la usalama pia. Wengi mnakumbuka au mmesimuliwa ajali ya Igandu kule Dodoma, Juni 24, 2002. Treni ya abiria ilipata tatizo la breki ikipanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Sisemi ilitokea kwa sababu ya stesheni bila watu, hapana, lile lilikuwa jambo la breki. Nalitaja ili ieleweke kwa nini ule ufunguo mmoja wa chumba ni jambo la kufa na kupona.

Wadau wa Geita, Katoro na Runzewe mtasema haya yanatuhusu nini, sisi reli hatuna. Kweli, mkanda mzima wa dhahabu ule hauna reli. Mgodi mkubwa wa Geita umeanza kuzalisha mwaka 2000 na mashine zake zimefika kwa barabara. Lakini mafuta na saruji vikishushwa Isaka au Mwanza vinapandishwa lori kuja kwenu, na kila saa treni inayosubiri kipande kirefu kiwe wazi ipo ndani ya bei mnayolipa. Na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 hivi juu ya maji, hakuna tena kusubiri kivuko. Fela, ambako reli inapita upande wa Misungwi, si mbali tena na nyie kama zamani.

Na SGR je? Kipande cha Mwanza hadi Isaka, njia kuu kilomita 249, ujenzi wake ulizinduliwa Juni 2021. Kati ya Dar na Dodoma treni hizo zilianza kubeba abiria mwaka 2024, za umeme, kasi mpaka 160 kwa saa, njia imezungushiwa uzio na zinaongozwa kwa mitambo kama kule Japani. Nitaipanda, msinielewe vibaya. Ila treni ya kasi 160 haisimami chini ya mwembe, na uzio haumruhusu mama mwenye beseni. Vile vituo vidogo vitabaki na reli ya zamani, kama reli ya zamani itabaki na treni ya abiria.

Kwamba kituo kilichofungwa hakiwezi kufufuka, hilo nalikataa. Angalieni njia ya Moshi na Arusha. Abiria walikaa zaidi ya miaka 20 bila treni, vituo vikageuka magofu, majani yakafunika reli. Desemba 2019 treni ya abiria ikafika Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Waliofyeka zile njia walikuta reli bado ipo chini ya majani.

Kwa vituo vyetu huku, mtu akiniuliza nianze na nini, sitasema mashine za Japani. Nitasema taa moja ya sola, ngazi ya saruji au ya mbao pale behewa la daraja la tatu linaposimama, na namba moja ya simu iliyoandikwa kwenye ubao, ambayo ukipiga unaambiwa treni imefika wapi. Hiyo ya mwisho haihitaji hata saruji. Yule mama aliifanya kwa vocha yake mwenyewe, kila siku ya treni, kwa watu wote waliokaa chini ya mwembe ule.

Bibi alifika Tabora salama asubuhi. Alipiga simu akiwa stesheni, na kitu cha kwanza aliuliza ni kama yule mama nilimlipa hela ya matobolwa aliyompa ya kula njiani. Nilikuwa sijamlipa. Nilirudi siku ya treni iliyofuata nikamlipa, na nikanunua mengine.

Wenye kujua vituo vingine vya hivi kati ya Isaka na Fela, vitajeni hapo chini na mseme kama treni bado zinapishana pale au zinapita tu. Naomba kuwasilisha.